Ni Dole Gumba Tu

Kauli hiyo ina umri mkubwa kuliko mimi. Nimeisikia pembeni mwa viwanja vya mchanga na vya nyasi, ikisemwa na makocha, na marefa, hata na wazazi: "Ni dole gumba tu, fungia kitambaa urudi." Mara ya mwisho niliisikia Tanga, Jumamosi jioni, kwenye mechi ya netiboli ya timu mbili za mtaani. Robo ya tatu pasi ya nguvu ilitoka katikati, mfungaji akanyoosha mikono, mpira ukampata kwenye ncha ya gumba la kulia na kulisukuma nje, mbali na vidole vingine. Hakulia. Aliubana mkono kwapani, akainama, kisha akaukung'uta mara mbili tatu kama mtu aliyeungua na sufuria. Kocha akapaza sauti kauli ile ile. Binti akarudi, akafunga mabao mengine manne, timu ikashinda.

Baada ya mechi tulikaa barazani kwa bibi mmoja anayekanda watu walioteguka, ambaye nyumba yake inapakana na uwanja. Tulikuwa watano: mwenye nyumba, kocha, mfungaji mwenyewe, daktari wa upasuaji wa mifupa aliyekuja kwao mapumziko, na mimi. Kahawa ilikuwapo, kashata zilikuwapo, na ubishi ulianza kabla kikombe cha kwanza hakijapoa. Majina nimeyaacha kwa ombi lao. Maneno nimeyapunguza pale tu walipokuwa wakisema wote kwa mpigo.

KOCHA: Nianze mimi, maana ndimi mtuhumiwa. Nina wachezaji 12. Kila mechi lazima mmoja ateguke kidole. Nikimtoa kila aliyekunja uso, robo ya nne nitacheza na nani? Na wenyewe hawataki kutoka. Muulizeni huyu.

MFUNGAJI: Kweli, Mwalimu, sikutaka kutoka. Ila sasa hivi kikombe hiki siwezi kukishika.

Alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala juu ya paja, gumba limevimba kwenye shina, upande unaotazama kidole cha shahada.

DAKTARI: Shida yetu inaanzia kwenye neno. Tunasema "ameteguka", basi. Neno hilo moja linabeba mambo matatu: ligamenti iliyovutika, iliyochanika kidogo, na iliyokatika kabisa. Kwa nje zote zinavimba na zote zinauma. Tiba zake hazifanani.

KOCHA: Ligamenti kwa lugha ya uwanjani ndiyo nini? Mshipa?

DAKTARI: Mshipa wa damu siyo, Mwalimu. Ni ukanda mfupi, mgumu, unaofunga mfupa kwa mfupa ili kiungo kisiyumbe. Shina la gumba lina mbili kubwa, moja kila upande. Hii ya upande wa kidole cha shahada ndiyo inayolizuia gumba lisipinduke nje unapobana kitu. Ukizungusha ufunguo, ukishika kalamu, ukimenya ndizi, hiyo iko kazini.

BIBI: Na ukivunja chawa.

DAKTARI: Na ukivunja chawa, bibi.

BIBI: Watu husema kidole kimoja hakivunji chawa, wanaishia hapo. Hata vinne havivunji, kama gumba halimo.

Hapa niliingilia, maana nilikuja na habari zangu. Katika vitabu vya tiba, jeraha hili lilipata jina kwa watu ambao si wanamichezo kabisa. Mwaka 1955 daktari aitwaye Campbell aliandika juu ya walinzi wa mawindo wa Scotland, watu waliokuwa wakiwavunja sungura shingo kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka, hadi ligamenti ya gumba ikalegea. Baadaye jina likahamia kwa wanaoteleza kwenye theluji: mtu anaanguka fimbo ikiwa mkononi, fimbo inalisukuma gumba nje. Sisi huku hatuna sungura wa kuvunja shingo wala theluji ya kutelezea. Tuna mpira wa netiboli, tuna kipa anayepangua shuti kwa mkono mmoja, tuna dereva wa bodaboda anayeanguka akiwa ameng'ang'ania usukani. Gumba halijui tofauti.

KOCHA: Sawa, sasa tupeni mfano wa mchezaji wa kweli. Msinipe sungura.

Nilimpa, na nikajuta papo hapo, kwa sababu ulikuwa mfano wa kumfaa yeye. Dustin Pedroia, mchezaji wa besiboli wa Boston Red Sox. Tarehe 1 Aprili 2013, mechi ya kwanza ya msimu, alijitupa kichwa mbele kuwahi kituo cha kwanza na ligamenti ya gumba lake la kushoto ikakatika. Msimu wa kawaida una mechi 162. Alicheza 160. Oktoba timu yake ikatwaa ubingwa wa Marekani, na mwezi uliofuata, Novemba, ndipo alipofanyiwa upasuaji.

KOCHA: (akipiga goti) Mmeona? Mechi mia na sitini! Imekatika, na bingwa amekuwa. Mimi nimemwomba huyu dakika kumi na tano tu za robo ya nne.

DAKTARI: Mwalimu, huyo Pedroia gumba lake lilijulikana. Lilipigwa picha, akaambiwa kilichokatika ni nini na kimekatikia wapi, na daktari wa kulishona alikuwa anamsubiri mwisho wa msimu. Akachagua. Huyu binti amechagua nini? Hajui hata kama imevutika au imekatika.

MWANDISHI: Na lilikuwa gumba la mkono wa glavu. Anarusha kwa kulia.

KOCHA: Hata hivyo alicheza.

MWANDISHI: Alicheza. Na mwaka uliotangulia alikuwa amepiga mipira 15 ya kuvuka uzio, mwaka ule wa gumba akapiga 9. Siwezi kuapa kwamba ni gumba pekee. Lakini rungu la besiboli hulishiki kwa vidole vinne.

KOCHA: Mpeni ubingwa wake bwana, msimhesabie mipira ya uzio.

Tulicheka. Lakini mifano miwili iliyofuata ilimkaa vibaya. Wa kwanza ni Mike Trout wa Los Angeles Angels, ambaye wengi walimhesabu mchezaji bora wa besiboli wa kizazi chake. Tarehe 28 Mei 2017, Miami, alijitupa vilevile kichwa mbele, gumba la kushoto likakatika ligamenti ile ile. Alipasuliwa siku tatu baadaye, na tarehe 14 Julai alikuwa uwanjani. Wa pili ni Drew Brees, mrushaji wa futiboli ya Kimarekani wa New Orleans Saints. Tarehe 15 Septemba 2019 mkono wake wa kulia, ule wa kurushia, uligonga mkono wa Aaron Donald wa timu pinzani, Rams, na ligamenti ya gumba ikakatika. Akashonwa, akakosa mechi 5, akarudi tarehe 27 Oktoba na kushinda.

KOCHA: Na hizo mechi tano timu yake ilikuwaje?

MWANDISHI: Ilishinda zote. Alikuwapo mrushaji mwingine, Teddy Bridgewater, kwenye benchi.

Kocha alinyamaza kidogo, akachukua kashata, akaigeuza bila kuila.

KOCHA: Haya. Kumbe tiba ya kwanza ya gumba ni benchi. Nipeni basi huyo Bridgewater wa Tanga, na mimi nitakuwa na huruma.

Nitasema wazi: hapo alikuwa na haki kuliko nilivyotaka. Makocha wetu tunawasema sana kwa ukatili, na mara nyingi ukatili huo ni hesabu tu. Mwenye wachezaji 7 uwanjani na 5 nje, wawili kati yao hawajala mchana, hafikirii kama mwenye kikosi cha watu 50 na madaktari wake. Lakini hesabu hiyo hailiponyi gumba.

Ndipo bibi, ambaye muda wote alikuwa anaupepea mkaa, akauliza jambo ambalo kwangu lilikuwa ndiyo kiini cha jioni nzima.

BIBI: Daktari, mwanangu, nikuulize. Hapa pangu wanaletwa watu wa gumba miaka mingi. Wengi nawakanda na mafuta ya nazi na maji ya moto, nawafungia, wanapona. Lakini kuna wengine nikipapasa hapa ubavuni mwa shina nakuta kinundu. Kama punje ya mbaazi. Nikikisukuma kinakwenda, nikiachia kinarudi. Hao hawaponi kwangu. Wakirudi baada ya mwezi gumba linayumba kama jino la mtoto. Siku hizi nikikikuta kinundu hicho simgusi mtu, namwambia nenda hospitali. Kile ni kitu gani?

Daktari aliweka kikombe chini.

DAKTARI: Bibi, kinundu hicho kina jina la mtu. Mswidi mmoja, Bertil Stener, alikieleza mwaka 1962.

BIBI: Mimi nilikijua bila Mswidi.

DAKTARI: Ndiyo maana nimeshtuka. Sikiliza. Juu ya ile ligamenti unapita utando mpana wa msuli, ule unaolivuta gumba kuja kiganjani. Ligamenti iko chini, utando uko juu, kama shuka lililochomekwa chini ya godoro. Gumba likisukumwa nje kwa nguvu nyingi, ligamenti inang'oka kwenye mfupa na ncha yake inachomoka chini ya utando. Gumba likirudi mahali pake, utando unaikunja ile ncha na kuiacha nje, juu yake. Sasa shuka limelala juu ya godoro. Hata ulilalie mwezi mzima, halitajichomeka lenyewe.

BIBI: Kwa hiyo kile kinundu ndiyo ncha yenyewe.

DAKTARI: Ndiyo ncha yenyewe, imejikunja. Hata tukikufunga plasta ngumu wiki sita, haiwezi kuufikia mfupa wake, kwa sababu katikati yao kuna utando. Huyo lazima afunguliwe, ncha irudishwe chini na kushikizwa kwenye mfupa. Lakini yule ambaye imechanika kidogo, au ncha imebaki mahali pake, huyo hapasuliwi. Anafungwa hogo au kifaa kinacholikamata gumba lisiende kokote, wiki nne mpaka sita, na anapona.

KOCHA: Na bila kinundu, amesalimika?

DAKTARI: Hapana. Uvimbe unaweza kukificha. Mwenye kinundu tunamshuku sana, asiye nacho bado tunampima.

Nilimtazama bibi. Nimesoma makala kadhaa juu ya jeraha hili, na katika makala hizo wakandaji wanatajwa kama kero: watu wanaovuta vidole na kuchelewesha wagonjwa. Wapo wa namna hiyo, na kuna pembeni mwa uwanja watu wanaoliona gumba limevimba wakalivuta "lirudi mahali pake", wakati halikuwa limetoka. Wakilivuta hivyo wanaweza kumalizia uzi uliobaki. Lakini huyu alikuwa ameupata kwa ncha za vidole vyake mpaka ule ule ambao Stener aliupata kwa kisu, na alikuwa ameacha kukanda palipostahili kuachwa.

KOCHA: Sawa, nimeelewa shuka na godoro. Sasa nikiwa uwanjani nitajuaje? Sina picha wala Mswidi.

DAKTARI: Kwanza usilivute. Pili, mpe karatasi aibane kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, halafu ivute taratibu. Ikichomoka bila upinzani, au akishindwa kwa maumivu, mechi yake imekwisha. Nasema mechi. Sijasema ligi. Mwekee barafu juu ya kitambaa, mfungie gumba likiwa limetulia, kesho yake apelekwe.

Akamgeukia mfungaji. Alianza na mkono wa kushoto, ule mzima: akalikunja gumba kidogo, akalishika mfupa wa shina kwa vidole viwili, akalisukuma taratibu kwenda nje, akahisi linavyogota. Kisha akauchukua mkono wa kulia, akapapasa tu.

MFUNGAJI: Hili husukumi?

DAKTARI: Silisukumi kabla ya eksirei. Wakati mwingine ligamenti inang'oka na kipande cha mfupa, nikisukuma nakihamisha. Kwanza tuone mfupa. Kama mfupa ni mzima, ndipo tupime kwa ganzi, au kwa ultrasaundi. Nimekupima wa kushoto nijue gumba lako lina mlegeo gani kwa asili. Kuna watu wamezaliwa na viungo laini.

KOCHA: Na akingoja ligi iishe? Zimebaki wiki tano.

DAKTARI: Kama imekatika kabisa, wiki mbili tatu za mwanzo ndiyo wakati mzuri wa kuishona yenyewe. Baada ya hapo inasinyaa, inashikana na kovu, na kazi inakuwa ngumu. Ikishapita miezi, mara nyingi tunaazima kano mahali pengine tutengeneze ligamenti mpya. Gusanisha gumba na kidole cha mwisho, Mwalimu, halafu kunja kifundo cha mkono. Unaona kamba iliyosimama katikati?

Kocha alijaribu kulia, kamba ikasimama. Akajaribu kushoto: hakuna. Akajaribu tena, akaukaza mkono mpaka mishipa ya shingo ikatoka.

KOCHA: Huku sina!

DAKTARI: Wapo wengi wasio nayo, na hawapungukiwi na kitu. Ndiyo maana tunaiazima hiyo.

Kocha aliendelea kuutazama mkono wake wa kushoto kwa muda, kama mtu aliyeambiwa ameibiwa. Kisha akarudi kwenye kazi yake, na huko ndiko alikojua kuliko sisi wote. Alieleza kwamba kosa linaanzia kwenye udakaji. Mchezaji anayepokea mpira magumba yakiwa yamefunguka pembeni, kila mkono umekaa kama herufi L, analipeleka gumba lenyewe likapigwe. Magumba yanatakiwa yawe nyuma ya mpira, ncha zikikaribiana, mpira uingie kwenye vidole na viwiko vikunjike kuupokea. Makipa wa soka wanafundishwa hivyo hivyo. Kuhusu zile glavu za kipa zenye vijiti vya plastiki vidoleni, alisema vijana wanazinunua wakidhani ni ngao ya kila kitu, ilhali zinazuia vidole kupinda nyuma, na gumba linaumia kwa kwenda upande.

KOCHA: Na niseme ukweli: mwezi huu sijafanya nao zoezi la kudaka hata siku moja. Tumefunga tu mabao.

Mfungaji, ambaye tulikuwa tukibishana juu ya mkono wake kama vile haupo, ndipo akasema neno lililobadilisha mambo.

MFUNGAJI: Mimi ni fundi cherehani, Mwalimu. Netiboli ni ya jioni. Nikikosa mechi nitaumia moyo, lakini nikishindwa kushika mkasi nitakula nini? Nina vitambaa vya watu vya harusi pale dukani. Leo asubuhi nimekata kanzu sita.

Hakuna aliyemjibu upesi. Pedroia alikuwa na mkataba wa mamilioni ya dola na gumba la mkono wa glavu. Huyu ana gumba la mkono wa mkasi. Tulikuwa tumetumia saa nzima kupima hatari kwa mizani ya ubingwa, wakati kwa wanamichezo wetu wengi uwanja ni saa mbili za jioni na mkono una kazi nyingine tangu alfajiri: kuchana mbao, kusuka nywele, kukamua ng'ombe, kuandika ubaoni.

KOCHA: Hospitali watakula pesa.

BIBI: Watakula. Na mimi nikimkanda nitakula pesa kidogo, na mkono hatapata. Kipi ghali?

DAKTARI: Eksirei ya kidole si kitu cha Dar es Salaam tu, hospitali ya mkoa wanayo. Ikionekana ni ya kushona, ndipo tuzungumze rufaa, Muhimbili kuna Taasisi ya Mifupa. Tusianze na hofu ya upasuaji ambao huenda hautakiwi.

Nami nina gumba langu la kutolea ushahidi. Nilikuwa kipa shuleni. Shuti la mtoto wa kidato cha nne lilinipata gumba la kushoto, nikamaliza mechi nikishangiliwa. Kituo nilichokwenda kesho yake walinipa vidonge vya maumivu, hakuna aliyenishika mkono wa pili kulinganisha, hakuna aliyetaja picha, wakaniambia litapoa. Maumivu yalipoa. Miaka 20 sasa kifuniko cha chupa ya maji nakifungua kwa mkono wa kulia chupa nikiwa nimeibana magotini, na siku za baridi shina la gumba linanikumbusha jina la yule mtoto. Kwa hiyo sikuwa mwamuzi wa haki barazani pale, na msomaji anijue hivyo. Anayeniambia shujaa amecheza na gumba lililokatika namsikia, simkatalii. Namwuliza swali moja tu: ncha iko wapi, chini ya utando au juu? Kama hajui, hajafanya uamuzi wowote bado.

Kocha hakukubali kila kitu. Mpaka tunaagana alikuwa akisema kwamba kwenye fainali, mchezaji mkubwa, aliyepimwa, mwenye akili zake, akitaka kucheza na gumba lililofungwa vizuri, yeye hatamzuia. Daktari akamjibu kwamba kwa masharti hayo hata yeye hatamzuia. Jumatatu asubuhi mfungaji alikwenda hospitali ya mkoa, kocha akiwa amelipa nauli ya kwenda na kurudi.

Nawe uliyeanguka juzi uwanjani au kwenye pikipiki: kama gumba limevimba upande wa kidole cha shahada na ufunguo unakuponyoka, usimruhusu mtu alivute, na usingoje ligi iishe. Kapigwe picha wiki hii, na umwombe anayekupima aushike na mkono wa pili.